Dhahabu na Mfupa: Amana za Waliotutangulia



Miaka michache iliyopita nilisafiri kutoka Kilwa kwenda Iringa kumwuguza dada yangu, aliyeolewa huko, na wakati ule alikuwa amelazwa katika hospitali ya Tosamaganga. Tosamaganga ni kilima chenye misioni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadri wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye ikashikwa na mapadri wa Kitaliani. Baridi yake si ya mchezo kwa mtu aliyezoea pepo za pwani. Saa za kuwatazama wagonjwa zilikuwa za jioni, na mchana nilibaki na mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, asiyetulia. Nikaona heri nimchukue hadi Kalenga, kijiji kilicho karibu na hapo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akaone makumbusho ya Mtwa Mkwawa.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Ndani mna mikuki, ngao, bunduki, na vyombo vya watu wa zamani. Na katika sanduku la kioo mna fuvu la kichwa cha mtu. Mzee mmoja wa hapo alitupokea kwa "Kamwene", akatueleza kwa upole. Mtoto alisikiliza, akazunguka, akatazama kila pembe, kisha akanivuta kanzu akaniuliza: "Mjomba, dhahabu iko wapi? Mwalimu alisema makumbusho ya wafalme yana dhahabu."

Nilimwambia kwamba hapa hapana dhahabu. Akauliza, "Basi mbona wanalinda?" Swali hili nimelichukua hadi nyumbani, na leo naliweka mbele yako, ndugu msomaji, kwa sababu naona linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko linavyowahusu watu wa Kalenga. Je, ni kitu gani hasa kinachostahiki kulindwa katika vile walivyotuachia waliotutangulia? Na sisi tuliorithi, ni wenyewe wa vitu hivyo, au ni walinzi tu?

Kwanza tuutazame ule mfupa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na yeye mwenyewe akauawa. Huenda msomaji atasema: hayo ni mambo ya bara. La! Huyu Zelewski ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kampuni ya Kijerumani huko Pangani mwaka 1888, wakati Wajerumani walipoingia msikitini na mbwa katika siku za Idi, jambo lililowasha moto wa vita vya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa kwetu Kilwa Kivinje mwaka 1895. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Katika dini yetu kujiua ni haramu, na hukumu ya kila mja iko kwa Mola wake. Lakini waliomkuta amekwisha kufa walimkata kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Ujerumani.

Sasa lipo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu cha 246. Katika kifungu hicho kimoja, Ujerumani iliamriwa mambo mawili kwa pamoja: kumrejeshea Mfalme wa Hijaz Msahafu wa Sayyidna Uthman (R.A.), uliosemekana kuwa ulitolewa Madina na wakuu wa Kituruki na kupewa Kaisari wa Ujerumani, na kukabidhi kwa Waingereza fuvu la Mkwawa. Msahafu wa Khalifa na kichwa cha Mhehe viliandikwa katika kifungu kimoja, kwa sababu vyote viwili vilihesabiwa kuwa ni vitu vya watu vilivyo mikononi mwa wasio wenyewe.

Fuvu hilo halikurudi upesi. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya mji wa Bremen, akakuta mafuvu kiasi cha 2,000 yamepangwa kama bidhaa dukani, na ilibidi yapimwe kwa kulinganisha na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Lilichaguliwa moja lenye tundu la risasi, na mwezi wa Juni 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Lakini shaka hiyo yenyewe ni ushahidi wa dhulma: mtu akiisha kunyang'anywa jina lake, hata akirudishwa hajulikani vizuri.

Muislamu atauliza: Je, si sawa zaidi mfupa ukazikwa? Naam, sisi tumefundishwa kwamba maiti ana heshima kama aliye hai, na kwamba kuvunja mfupa wake ni kama kuvunja mfupa wa mtu hai. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa, akakumbusha kwamba na ile pia ni nafsi. Angekuwa ni wetu tungemzika. Lakini jamaa zake waliona aonekane, ili asipotee mara ya pili. Na aliyedhulumiwa ndiye mwenye haki ya kusema namna ya kufutwa machozi yake.

Basi mtoto ameuliza juu ya dhahabu. Dhahabu ya pwani yetu iko wapi?

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani mtu wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Utajiri wa Kilwa ulikuwa ni dhahabu iliyotoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala na kupakiwa majahazini. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa kwa faida ya biashara hiyo. Zimejulikana sarafu chache mno za dhahabu zenye jina la Sultani huyo. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Sehemu moja twaijua. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja Kilwa na manowari zake, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, atoe kodi ya dhahabu, la sivyo mji utapigwa mizinga. Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada ya kanisa, kilichokamilika mwaka 1506, na juu yake pameandikwa kwamba kimefanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Chombo hicho kipo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini Lisbon, na watu hulipa kiingilio kukitazama. Na mwaka 1505, kabla hata fundi hajamaliza kazi yake, Francisco de Almeida aliushambulia mji na kuupora.

Hapa yafaa tuwe waadilifu na nafsi zetu. Ni wepesi kwetu kusema, "Wareno wametunyang'anya," na ni kweli. Lakini dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa na watu wa bara ambao majina yao hatukuyaandika, na sisi tulikuwa wachuuzi wa katikati. Basi anayedai haki yake na akumbuke na haki ya aliye nyuma yake. Watu wa bara wale nao walikuwa na mafundi wao. Huko Mapungubwe, Afrika Kusini, mwaka 1932 yalianza kuonekana makaburi ya wakubwa wa karne ya 13, na ndani yake kifaru mdogo aliyefanywa kwa bati jembamba la dhahabu lililopigiliwa kwa vijimisumari vya dhahabu. Mtu aliyekifanya kitu kile hakuwa mshenzi.

Lakini kifaru yule ni bahati. Katika magofu ya Zimbabwe, mwaka 1895, Wazungu waliunda kampuni ambayo kazi yake ilikuwa ni kufukua magofu na makaburi ili kutafuta dhahabu. Mikufu, bangili na shanga walizozikuta, nyingi ziliyeyushwa zikauzwa kwa uzani. Uzani haukupungua hata kidogo. Kilichopotea ni yule aliyezivaa, na yule aliyezifua, na zama zake. Kuyeyusha ni namna ya kukata ulimi.

Baada ya kuwalaumu watu wa kampuni ile, sina budi kusema la nyumbani kwangu.

Mama yetu alipofariki aliacha nyumba ndogo, na bangili mbili za dhahabu alizorithi kwa bibi yake. Ndani ya moja yao mlikuwa na mstari wa herufi za Kiarabu, ndogo mno, zilizolika kwa kuvaliwa. Sisi warithi tulikuwa watatu, wanaume wawili na dada yetu huyu wa Tosamaganga. Dada aliomba bangili zisivunjwe. Alikuwa tayari fungu lake la nyumba lipunguzwe, apewe hizo. Sisi wanaume tulikuwa na haraka. Tulitaka fedha mkononi, na tukasema, mirathi ni mirathi, kila mtu apate chake. Tukazipeleka kwa sonara. Alizitia mizanini, akazikata kwa mkasi, akazitia katika kijungu cha moto. Hesabu ilikuwa safi: fungu mbili, fungu mbili, na fungu moja. Hakuna aliyepunjwa hata senti. Mimi fungu langu lilikuwa mabati ya nyumba, na mvua hainipigi hadi leo.

Lakini hata leo sijui ndani ya bangili ile paliandikwa nini. Hatukuwahi kumpa mtu aliyesoma akatusomea. Huenda ilikuwa ni dua. Huenda jina la mwenyewe, au la mji wake. Haki ya mali tuliitimiza, na jambo jingine tukalipoteza, ambalo hatukuwa na jina lake.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si ndogo. Nazitaja tatu.

Ya kwanza: kuweka dhahabu sandukuni ni kuilimbikiza, na katika Surat At-Tawba wametishwa kwa adhabu kali wale wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli. Tena zilipoletwa hazina za Kisra mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), zulia lake la thamani lilikatwa vipande likagawiwa watu. Jibu langu ni kwamba makemeo yale yanamhusu anayeficha ili ajinufaishe yeye, akamnyima maskini haki yake. Kitu kilichowekwa wazi ili kila mtu, tajiri na fukara, apate kujifunza kwacho, hakikufichwa. Wala thamani yake si dhahabu. Mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa za shaba. Sokoni hazinunui hata mkate. Lakini mpaka leo wataalamu wanajiuliza zilifikaje huko. Zingekuwa zimeyeyushwa, nani angeuliza?

Ya pili: vitu vingi vya kale ni vya zama za ujahili, basi vya nini kwetu? Lakini tumeamriwa tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Na mtu atatazama nini ikiwa kila alama imefutwa? Kulinda si kuabudu. Tena sheria yetu haikuiacha hata hazina ya kale bila hukumu. Mali ya zama za ujahili iliyozikwa ikipatikana, hutolewa khumsi. Na ikiwa ina alama ya Kiislamu, kama sarafu yenye jina la sultani Muislamu, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii huihesabu kuwa ni mali iliyookotwa, ambayo aliyeiona yampasa aitangaze. Basi vipi sisi twaokota sarafu ufukoni Kilwa na kumwuzia mgeni kwa bei ya chai?

Ya tatu, na ndiyo nzito: mwenye njaa hali historia. Mtu hawezi kumwambia mjane, "Usiuze mkufu, ni urithi wa taifa," ilhali watoto wake hawajala. Hapo mimi nasalimu amri. Uhai una haki kabla ya kumbukumbu, na kila mrithi ana fungu lake ambalo hapana wa kumnyima. Lakini tuseme kweli: ni wangapi katika sisi waliouza kwa njaa, na ni wangapi waliouza kwa haraka? Mimi sikuwa na njaa.

Na njia za halali zipo. Warithi wakiridhiana, mmoja aweza kukichukua kitu kizima kwa kufidia mafungu ya wenziwe, kama dada alivyotaka. Mwenye mali aweza kuusia, madhali wasia hauzidi thuluthi na si kwa mrithi. Aweza kuweka wakfu angali hai. Hata benki, ambazo kazi yao ni kupima, zimeweza kufahamu jambo hili: huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1939, benki kuu ya nchi ilinunua chombo cha dhahabu cha Wahindi wa kale kisipotee, na kwa kitu hicho kimoja likaanza jumba la makumbusho ya dhahabu ambalo leo lina vitu vya dhahabu kwa maelfu.

Tuje kwenye asili ya maneno yote haya, nayo ni amana. Surat An-Nisaa yatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na haikusema kwa Waislamu tu. Usiku wa Hijra, Makureshi walipokuwa wamekula njama ya kumwua Mtume (S.A.W.), nyumbani kwake mlikuwa na mali za hao hao Makureshi walizomwekesha kwa uaminifu wake. Angeweza kuondoka nazo, na nani angemlaumu? Lakini alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.), katika hatari kubwa, ili azirudishe moja moja kwa wenyewe. Mwenye kuielewa kisa hiki hawezi kusema kwamba kitu cha Mhehe, au cha Mshona, au cha asiyekuwa wa dini yetu, hakituhusu.

Kwa hivyo tunapowaambia Wazungu warudishe, tunasema haki. Na wameanza, japo kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London yalipeleka Kumasi, Ghana, vitu 32 vya Waashanti, vingi vyao vya dhahabu, vilivyoporwa karne ya 19. Lakini kwa mkopo! Yaani mwenye mali anaazimwa mali yake. Tuyakatae mantiki hayo.

Lakini anayedai amana na awe naye mwaminifu. Nani aliyebandua sahani za Kichina zilizotiwa katika makaburi ya wazee wetu huku pwani? Nani aliyebomoa kuta za kale akapata mawe ya kujengea? Si Mreno wala Mjerumani peke yake. Na sheria ya nchi ipo: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, nayo hulinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini askari hawezi kukaa mlangoni mwa kila nyumba. Aliye ndani ya nyumba ndiye mlinzi.

Basi nawausia ndugu zangu mambo mepesi, yasiyohitaji fedha. Kabla wazee hawajaondoka, waulizeni kila kitu cha zamani kilichomo nyumbani kimetoka kwa nani, na muandike. Penye maandishi, msomewe. Mirathi ikifika, jambo hili lizungumzwe kabla ya kwenda kwa sonara, si baada. Na anayeona kitu ardhini asikifukue. Kitu kikiondolewa mahali pake bila ya mjuzi hupoteza nusu ya habari zake. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu; na kwa kuwa zilitolewa na watu wa elimu kwa utaratibu, leo twasoma ndani yake majina ya watawala Waislamu wa pwani hii.

Jioni ile tulirudi Tosamaganga. Mtoto akamweleza mama yake kila kitu: mikuki, bunduki, kichwa cha mfalme, na kwamba dhahabu hapana. Dada alikuwa amepata nafuu kidogo, ameketi kitandani. Akacheka, akasema, "Mwulize mjomba wako, yeye ndiye aliyeiona dhahabu mara ya mwisho." Hakusema kwa ubaya. Nilimwomba radhi pale pale, nalo nilipaswa kulifanya zamani, naye akanisamehe. Lakini bangili haikurudi, na mstari ule hautasomwa.

Yule mzee wa Kalenga anafungua mlango kila siku kulinda mfupa usionunuliwa kwa bei yoyote. Mtoto aliuliza mbona wanalinda. Kama angeniuliza leo, ningemjibu: kwa sababu ni cha mtu, na mtu huyo hawezi tena kujisemea.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaochunga amana zao na ahadi zao. Amin.